Uraia wa Marekani na ndoto ya kuwa afisa wa KDF (Vikosi vya Ulinzi vya Kenya): ukane lini, wapi, na kwa hati gani

Swali la msomaji: "Nina miaka 22. Nilizaliwa Texas wazazi wangu wakiwa masomoni, tukarudi Kenya nikiwa na miaka minne. Nimesoma hapa, KCSE nilipata B+, nina kitambulisho na pasipoti ya Kenya. Pasipoti ya Marekani niliyotengenezewa utotoni iliisha muda zamani. Nataka kuingia KDF kama kadeti. Mjomba anasema wakili aniandikie hati ya kiapo kwamba nimeukana uraia wa Marekani, na hiyo inatosha. Rafiki yangu anasema pasipoti ikishaisha muda, uraia nao umeisha. Nani mkweli, na nianzie wapi?"

Wote wawili wamekosea, ila kosa la mjomba ndilo litakalokugharimu zaidi, kwa sababu litakupa karatasi yenye mhuri na moyo mtulivu, huku uraia wa Marekani ukiwa palepale ulipokuwa.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi huisimulia nusu. Kifungu cha 78 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mambo mawili yanayokuhusu. Kwanza, afisa wa Serikali (kwa Kiingereza State officer, yaani mwenye wadhifa uliotajwa na Katiba, si kila mtumishi wa umma) au mwanajeshi wa vikosi vya ulinzi hatakuwa na uraia wa nchi mbili. Tazama neno hilo, mwanajeshi. Halikusema afisa mwenye nyota begani peke yake. Kuruta anayekwenda mafunzoni Eldoret na kadeti, yaani anayefunzwa uafisa, anayekwenda Lanet wote wamo. Pili, kuna watu ambao katazo hilo haliwagusi: majaji na wanachama wa tume, na mtu yeyote aliyefanywa raia wa nchi nyingine kwa nguvu ya sheria za nchi hiyo, bila uwezo wa kujitoa.

Hilo la pili ndilo watu hulikimbilia. "Mimi sikuomba uraia wa Marekani, nilizaliwa nao." Ni kweli hukuomba. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani yalikufanya raia siku uliyozaliwa. Lakini sharti la Kifungu cha 78 lina sehemu mbili: ulifanywa raia na sheria yao, na huna uwezo wa kujitoa. Marekani inakupa mlango wa kutokea, una fomu zake na ada yake. Kwa hiyo kujitegemeza kwenye msamaha huu kama raia wa Marekani ni kamari. Unawafaa zaidi watu wa nchi kama Argentina, ambako uraia wa kuzaliwa haukaniki hata ukitaka. Utasikia pia watu wakitaja kesi ya Mwende Mwinzi, aliyezaliwa Marekani na kuteuliwa balozi. Ni kweli Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2019, lakini hoja kubwa iliyombeba ni kwamba balozi si afisa wa Serikali kwa maana ya Katiba. Wewe huwezi kusema vivyo hivyo, kwa sababu Kifungu cha 78 kimewataja wanajeshi kwa jina.

Sasa rafiki yako. Pasipoti ni hati ya kusafiria na ushahidi wa uraia. Haiwi uraia wenyewe. Ikiisha muda, ikipotea, ikichomwa jikoni, wewe ni raia vilevile. Na kinyume chake ni kweli pia: wapo Wakenya wenye uraia wa pili ambao hawajawahi kushika pasipoti ya nchi hiyo. Mtoto aliyezaliwa Kenya na baba Mwingereza aliyezaliwa Uingereza, kwa kawaida ni Mwingereza tangu kuzaliwa, awe ameomba pasipoti au la. Upande mwingine, aliyezaliwa London kuanzia 1 Januari 1983 na wazazi Wakenya waliokuwa kule kwa viza ya masomo tu si Mwingereza, kwa sababu tangu siku hiyo Uingereza inataka mzazi mmoja awe raia au mkazi wa kudumu. Huyo hana cha kukana, na akienda kulipa ada ya kukana atakuwa amepoteza muda bure. Hata Marekani ina ubaguzi wake: mtoto wa mwanadiplomasia mwenye kinga kamili hapati uraia kwa kuzaliwa kule. Wazazi wako walikuwa wanafunzi, kwa hiyo wewe ni raia, hilo halina ubishi. Lakini anayesoma hapa na mzazi wake alikuwa ubalozini aulize kwanza kama uraia huo upo.

Na mjomba. Hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo nchini Kenya ni maneno yako chini ya sheria za Kenya. Uraia wa Marekani unatolewa na kuondolewa kwa sheria za Marekani. Sheria hiyo, kifungu cha 349(a)(5) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia, inataka kiapo cha kukana kiapwe nje ya Marekani, mbele ya afisa wa ubalozi au ubalozi mdogo wa Marekani, kwa namna iliyowekwa na wizara yao ya mambo ya nje. Hakiapwi kwa barua, kwa barua pepe, kupitia mwakilishi, wala kwa wakili wa mtaani. Hati ya mjomba haitawafikia hata kidogo, na siku ukifanyiwa uchunguzi na kuulizwa cheti, hutakuwa nacho.

Kuna mtego mwingine upande wa Kenya. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inasema mwenye uraia pacha aukane ule mwingine kwa mujibu wa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011. Mtu anasoma hivyo, anatafuta fomu ya kukana uraia katika Idara ya Uhamiaji, anaipata na kuijaza. Fomu hiyo ni ya kukana uraia wa Kenya. Usiiguse! Ukiikamilisha utabaki Mmarekani mtupu anayeomba kazi katika jeshi la nchi isiyo yake.

Kabla ya kukana chochote, hakikisha upande wa Kenya umekaa imara. Wewe una kitambulisho na pasipoti, vizuri. Lakini nawaandikia na wengine waliozaliwa nje ambao wanaishi kwa cheti cha kuzaliwa cha kigeni na pasipoti ya kigeni, wakiamini kwamba kuwa na mama Mkenya kunatosha. Kisheria kunatosha: Kifungu cha 14 kinamfanya raia wa kuzaliwa mtu yeyote ambaye mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa nchini au nje. Kwa waliozaliwa kabla ya 27 Agosti 2010, siku Katiba ilipoanza kutumika, inatosha hata kama mzazi alikuwa raia zamani akaupoteza. Kadeti wa leo wote wamezaliwa kabla ya siku hiyo, kwa hiyo mlango huu uko wazi kwao. Hata hivyo haki isiyo na karatasi haimfikishi mtu getini. Marekani itakubali kiapo chako hata kama kitakuacha bila uraia wowote. Watakuonya tu, kisha watakuachia uamue. Pata kwanza kitambulisho na pasipoti ya Kenya mkononi, na pasipoti iwe na muda mrefu uliobaki, ndipo uombe miadi ubalozini.

Katika hatua hiyohiyo, angalia majina. Hapa ndipo makaratasi ya watu wengi hukwama kwa sababu ndogo kabisa. Cheti cha kuzaliwa cha Marekani huwa na jina la kwanza, la kati na la ukoo. Kitambulisho cha Kenya kinaweza kuwa na mpangilio tofauti, au jina la babu lililoongezwa shuleni, au herufi moja iliyobadilika. Cheti utakachopewa na Wamarekani kitaandikwa jina wanalolijua wao. KDF watakuwa na jina la kitambulisho na cheti cha KCSE. Kama mtu wa kwenye cheti na mtu wa kwenye kitambulisho hawafanani, utaulizwa huyu aliyekana uraia ni nani. Sahihisha mapema kwa hati rasmi ya kubadili jina, na uipeleke hati hiyo ubalozini pamoja na nyingine ili majina yote mawili yaonekane kwenye kumbukumbu zao. Kazi hii ya majina ndiyo pekee ambayo wakili wa mjomba anaweza kukusaidia.

Sasa ubalozi. Kwa aliyeko Kenya, kiapo huapwa katika Ubalozi wa Marekani, Gigiri, kwa miadi. Unaomba miadi kwa kuwaandikia kitengo kinachohudumia raia wa Marekani na kueleza kwamba unataka kukana uraia. Watakutumia maelekezo na fomu za kusoma. Jizoeze namba zake kwa sababu utazisikia: DS-4079 ni maswali kuhusu maisha yako na uhusiano wako na Marekani, DS-4081 ni maelezo kwamba umeelewa matokeo, DS-4080 ndiyo kiapo chenyewe, na DS-4083 ni Cheti cha Kupoteza Uraia, ambacho huitwa kwa kifupi CLN. Usitie sahihi DS-4080 wala DS-4081 nyumbani. Zinatiwa sahihi mbele ya afisa, na sahihi iliyowekwa mapema ni sababu ya kurudishwa.

Beba nakala halisi: cheti cha kuzaliwa cha Texas, ile pasipoti ya Marekani iliyoisha muda kama bado ipo, pasipoti na kitambulisho cha Kenya, na hati ya majina kama unayo. Kama pasipoti ya zamani imepotea, cheti cha kuzaliwa kinabeba mzigo, lakini kiwe kile rasmi kinachotolewa na serikali ya jimbo. Kile kizuri chenye alama za nyayo za mtoto ambacho hospitali hutoa kama kumbukumbu hakikubaliki. Kuagiza kipya kutoka Texas huchukua muda, kwa hiyo kitafute leo.

Mahojiano huwa mawili. Wakati mwingine la kwanza hufanywa kwa simu, wakati mwingine yote mawili siku moja. Afisa anatafuta mambo mawili tu: unaelewa unachofanya, na unakifanya kwa hiari na kwa nia ya kuachana na uraia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi za Afroyim mwaka 1967 na Terrazas mwaka 1980 kwamba mtu hawezi kunyang'anywa uraia bila nia yake mwenyewe, kwa hiyo nia ndiyo kila kitu. Hapa waombaji hujikwaa kwa ulimi. Ukiulizwa kwa nini, ukajibu "KDF wananilazimisha" au "baba ameniambia lazima", umemfungulia afisa mlango wa kusimamisha shughuli, kwa kuwa kulazimishwa ni kinyume cha hiari. Na kama kweli baba ndiye anayetaka na wewe hutaki, basi ni haki shughuli isimame. Lakini kama hali halisi ni kwamba umechagua kazi ambayo Katiba ya nchi yako inaitaka uwe raia wa nchi moja, sema hivyo hivyo, kwa maneno yako. Hiyo ni hiari. Wazazi usiwaingize chumbani.

Umri wako wa miaka 22 hauna tatizo. Kwa walio chini ya miaka 18 maafisa huwa wagumu sana, na sheria yao inampa aliyekana akiwa mtoto nafasi ya kuurudisha ndani ya miezi sita baada ya kutimiza miaka 18. Wewe nafasi hiyo huna. Ukishaapa, na wizara ikaidhinisha, hakuna kurudi isipokuwa kuanza upya kama mgeni mwingine yeyote: viza ya uhamiaji, ukazi wa kudumu, miaka ya kusubiri.

Ada inahitaji uangalifu. Ilikuwa dola 450, ikapandishwa hadi dola 2,350 mwaka 2014, na mwaka 2023 serikali yao ikatangaza pendekezo la kuirudisha dola 450. Usipange bajeti kwa kiwango ulichoambiwa na mtu aliyekana miaka iliyopita. Soma kiwango kwenye maelekezo utakayotumiwa na ubalozi, na uwe na fedha zote kabla ya siku ya kiapo. Kuingia jeshini hakukupunguzii ada.

Baada ya kiapo watu hukosea tena, safari hii kwa furaha. Wanatoka Gigiri wakidhani wameshamaliza. Ulichofanya siku hiyo ni kuapa. Faili lako linapelekwa Washington, na wizara ndiyo inayoidhinisha CLN. Ikiidhinishwa, kupotea kwa uraia kunahesabiwa tangu siku uliyoapa, si siku cheti kilipotiwa mhuri. Lakini hadi hapo huna hati ya kumwonyesha mtu kuthibitisha kwamba jambo limekamilika. Kusubiri ni kwa miezi, wala si kwa siku. Omba nakala za fomu ulizotia sahihi. Hazichukui nafasi ya cheti ila zinaonyesha ulipofika.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali ambalo hukuniuliza na ndilo gumu kuliko yote: ukane kabla au baada ya kuchaguliwa?

Kadeti wa kawaida anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 26, KCSE ya wastani wa B tupu (B plain), pamoja na masharti ya masomo na afya yanayotajwa kwenye tangazo. Tangazo likitoka, muda wa kutuma maombi ni mfupi. Kutoka hapo hadi barua ya wito na siku ya kuripoti Chuo cha Kijeshi cha Kenya, Lanet, hakuna nafasi ya kutosha kuomba miadi, kuapa na kusubiri CLN. Anayengoja barua ndipo aanze atafika Lanet akiwa bado ni Mmarekani, au hatafika kabisa. Wengine hujifariji kwamba watakamilisha kabla ya siku ya kuvishwa kamisheni na Rais, maana "afisa" ni siku hiyo. Kama nilivyosema, Katiba inamtaja mwanajeshi. Kadeti anaanza kuishi chini ya amri na sheria za kijeshi tangu siku anapopokelewa. Lengo lako liwe CLN mkononi kabla ya kuripoti, si kabla ya gwaride.

Maana yake ni kwamba utakana uraia ambao haurudi, kwa ajili ya nafasi ambayo hujapewa. Nafasi za kadeti ni chache, wanaoziomba ni wengi mno. Daktari anaweza kukuangusha kwa jicho, kwa sikio, kwa unyayo. Kwa hiyo jiulize hivi, na ujibu peke yako kabla ya kumsikiliza mtu: KDF wakinikataa mwaka huu, na mwaka ujao, hadi nifikishe 27, je, bado nitaridhika kuwa raia wa Kenya peke yake, nikipanga foleni ya viza kama wengine nikitaka kumtembelea shangazi Dallas? Kama jibu ni ndiyo, anza wiki hii. Kama jibu ni "labda", usianze. Na kama jibu ni hapana, tafuta kazi nyingine ya utumishi wa umma. Kifungu cha 78 kinawabana maafisa wa Serikali na wanajeshi, hakikuziba kila mlango wa nchi.

Kuna njia ya kupunguza hatari kidogo, na ningekushauri uitumie. Kabla ya kuomba miadi ya kiapo, nenda kwa daktari ukapimwe kwa gharama yako mambo yanayowaangusha wengi: macho pamoja na kutambua rangi, masikio, moyo, meno, miguu. Pima urefu na uzito wako dhidi ya tangazo la mwisho. Kama kuna kasoro isiyotibika, utakuwa umeijua kabla ya kupoteza uraia na ada. Ni ajabu jinsi watu wanavyoanza na ubalozi na kumalizia na daktari.

Kwenye fomu ya maombi ya KDF, ukiulizwa kama una au uliwahi kuwa na uraia mwingine, jibu ukweli na utaje hatua uliyofikia. Kuficha ni kosa mara mbili. Sheria ya Uraia na Uhamiaji, kifungu cha 8, inamtaka mwenye uraia pacha autangaze, na asiyetangaza anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kama wazazi wako hawakuwahi kukutangaza, nenda Idara ya Uhamiaji, Nyayo House, ulimalize hilo kwa uwazi, kisha CLN ikitoka urudi nayo ili kumbukumbu zao zionyeshe kwamba umebaki na uraia mmoja. Faili mbili zinazopingana, moja inasema pacha, nyingine inasema mmoja, ni kazi ya ziada kwa anayekuchunguza, na anayechunguza maelfu hana muda wa kazi ya ziada.

Utasikia pia hoja hii, na aliyeitunga si mjinga: sheria ya Marekani yenyewe inasema raia wao akitumika kama afisa katika jeshi la nchi nyingine anaweza kupoteza uraia, basi mbona nisiingie tu uraia ujifie wenyewe? Kipengele hicho kipo, ni 349(a)(3). Lakini nacho kinahitaji nia ya kupoteza uraia, haujifii. Na hata ungekuwa unajifia, ungejifia baada ya wewe kuwa afisa, wakati Katiba ya Kenya inataka uwe umeondoka kabla. Mpangilio umegeuka juu chini.

Kodi. Raia wa Marekani anawajibika kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, popote aishipo duniani, hata kama hajawahi kupata senti moja kule. Kwa kijana aliyesoma Kenya na asiye na kipato kikubwa, kwa kawaida hakuna deni, lakini kuna fomu: 8854, inayojazwa mwaka unaofuata baada ya kukana. Ndani yake unathibitisha, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba umetimiza wajibu wako wa kodi kwa miaka mitano iliyopita. Kipato kikiwa chini ya kiwango cha kuwasilisha hesabu, kutowasilisha hakukuvunjii uthibitisho huo. Lakini usipoijaza fomu kabisa unaweza kuhesabiwa pamoja na matajiri wanaotozwa kodi ya kutoka, wale wenye mali ya dola milioni 2 na zaidi, na kuna faini ya dola 10,000 juu yake. Watu huipuuza kwa sababu ubalozi hauidai. CLN inatoka bila hiyo. Kama uliwahi kuwa na akaunti za benki Kenya zilizojumlisha zaidi ya dola 10,000 kwa wakati mmoja katika mwaka, hata za biashara ya familia ulizotia sahihi, kuna taarifa nyingine ya akaunti, na hapo lipia saa moja ya mtaalamu wa kodi za Marekani. Kukana hakufuti deni la kodi la zamani wala mkopo wa masomo.

Kwa wasomaji wenye uraia wa nchi nyingine, kwa ufupi. Uingereza ina fomu RN, inayotumwa kwa wizara yao ya mambo ya ndani bila kwenda kuapa ubalozini. Uwe na miaka 18, na uwe na uraia mwingine. Tamko likisajiliwa unarudishiwa nakala yenye mhuri, hiyo ndiyo cheti chako. Waingereza humpa aliyekana haki ya kurudi mara moja katika maisha yake, lakini haki hiyo ni ya yule ambaye alilazimika kukana ili apate au abaki na uraia wa nchi nyingine. Kenya haikukutaka ukane ili ubaki Mkenya. Ilikutaka ukane ili uwe mwanajeshi. Kwa hiyo usikane ukihesabu kwamba kurudi ni haki. Unaweza kujikuta unaomba hisani. Kanada hutumia fomu CIT 0302 kwa ada ya dola 100 za Kanada, uwe huishi kule, na kurudi kunataka upate kwanza ukazi wa kudumu na kuwa kule siku 365 ndani ya miaka miwili. Kadi ya kijani ya Marekani, ambayo wengi hunichanganyia na uraia, ni ukazi tu na Kifungu cha 78 hakiigusi, ingawa kadeti anayeishi Lanet hawezi kuwa mkazi wa Ohio kwa wakati mmoja, na itakufa yenyewe au utairudisha kwa fomu I-407.

CLN ikifika, isome mstari kwa mstari kabla ya kushangilia. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupoteza uraia. Kosa la herufi likionekana, wajulishe ubalozi mara moja, wakati faili bado liko mezani. Kisha tengeneza nakala kadhaa zilizothibitishwa. Nakala moja iende Uhamiaji, nyingine kwenye bahasha yako ya KDF pamoja na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na KCSE. Ile halisi usimwachie mtu yeyote, hata akiwa na magwanda na sauti ya amri. Mwonyeshe, airidhie, irudi mkononi mwako. Utaihitaji tena utakapoomba viza ya Marekani, kwa sababu pasipoti yako ya Kenya itaonyesha umezaliwa Texas, na swali la kwanza la afisa wa viza litakuwa kwa nini huna pasipoti yao.